Ngazi ya Kukataa

Jumatatu, 22 Septemba

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati ya mtaa wetu wa Jabe dakika kumi, ikakatika, kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo yake.

Mashine yangu ya fotokopi imetafuna karatasi ishirini na tatu za tasnifu ya mwanafunzi mmoja. Sheria ya duka ni ile ile tangu nilipolifungua: kopi safi ni ya mteja, kopi iliyojikunja ni ya Khadidja, ndiye mimi. Mwanafunzi alinitazama kwa huruma nikizinyoosha kwa kiganja. Angejua, angenionea wivu.

Hivyo ndivyo nilivyopata Kiingereza. Sikukaa darasa la mtu. Miaka tisa nimesoma vilivyoharibika: nusu ya mtihani, ukurasa wa kati wa mkataba wa kiwanja, maelekezo ya jenereta, barua ya kuomba viza isiyo na mwisho. Kila neno nisilolijua linaingia kwenye rejista yenye safu tatu: neno, karatasi lilikotoka, na mdomo niliousikia ukilisema. Nina maneno elfu moja mia tisa na arobaini. Safu ya mdomo ina majina manne, na mawili kati ya hayo ni redio.

Jumatano, 24 Septemba

Jua. Nimepata «bewildered»: mtu aliyepotelewa na akili kwa muda, kama mimi mbele ya bili ya umeme. Mdomo: hakuna.

Ijumaa, 26 Septemba

Mzee Astère wa mtaa wa Ngagara, Kartiye ya Tano, amekuja dukani amevaa koti la suti, saa nane mchana, lami ikiyeyuka. Alifanya kazi wizarani miaka thelathini na nne. Amestaafu, lakini kalamu bado iko mfukoni mwa koti, tayari kutia sahihi. Mji unamjua kwa jambo jingine. Ni msemaji wa siku ya gusaba.

Hili naliandika vizuri, maana ndilo lililomleta. Wageni wanapokuja kuomba binti, baba mzazi wa binti hafungui mdomo. Anasema msemaji, na kazi ya msemaji ni kukataa. Anawaambia wageni kwamba hawajui, kwamba wamepotea njia, kwamba binti wanayemtaja hajawahi kuzaliwa. Wageni wanasisitiza, anakataa tena. Wanasisitiza, anakataa mara ya tatu, halafu analegea kidogo kidogo mpaka watu wanacheka na vinywaji vinafunguliwa. Binti anayetolewa upesi ni kama amesukumwa nje. Mzee Astère amekwisha kukataa familia arobaini na moja, kwa Kirundi ambacho watu hukirekodi kwenye simu, na hakuna hata moja iliyorudi nyumbani bila binti.

Ya arobaini na mbili inakuja nyumbani kwake mwenyewe. Chanelle, binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka minne, ni muuguzi huko Toronto. Mchumba wake ni Damian, mtu wa huko huko, ukoo wake wa Jamaika. Ukoo wa Damian utakuja kuomba tarehe 20 Desemba, na hawajui ila Kiingereza. Familia inataka Audace, mtoto wa dada yake Mzee, aliyesoma Kampala, ndiye awe msemaji.

“Mama Anouar,” alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, “wananiambia uko na Kiingereza ndani ya makaratasi.”

“Iko, Muzee. Lakini imejikunja.”

“Tutaipiga pasi. Kile cha good morning usinipe, nakijua. Mi nataka kile cha juu. Kile mutu akisikia anatafuta kiti.”

“Na Audace?”

“Audace ni mutoto. Anakataa kama mutu wa kurudisha chenji.”

Malipo yangu: rimu mbili za karatasi kila mwezi. Ukweli ni kwamba ningekubali bure. Kwa mara ya kwanza maneno yangu yatapata mdomo.

Jumanne, 30 Septemba

Nimemchorea ngazi nyuma ya karatasi ya mtihani. Chini kabisa «hesitate», kusitasita. Juu yake «decline», kukataa kwa adabu, kama anayerudisha sahani ambayo bado ina nyama. Juu yake «refuse», kukataa kavu. Juu kabisa «reject», kutupa.

Mzee alizipita zote, akaweka kidole juu.

“Hii. Na juu ya hii iko nini?”

“Juu ya hii iko bati, Muzee.”

“Tafuta.”

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimetafuta. «Categorically»: bila kuacha ufa. Amefurahi kama aliyepandishwa daraja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, mashine imelala. Mzee alipita na mwavuli kuuliza kama maneno nayo yanahitaji umeme.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sharti langu: maneno matatu kwa siku, na neno halihesabiki kuwa lake mpaka alitumie mbele ya watu watatu. Amemwambia muuza mikate wa Kartiye ya Tano kwamba mikate yake ni «deplorable», ya kusikitisha. Muuza mikate amemshukuru na kumwongezea mmoja.

Jumatano, 15 Oktoba

Audace amekuja. Sikuwahi kumwona ila kwa maneno ya Mzee, nikategemea mtoto. Ana miaka thelathini na mbili, ana gari, ana manukato yaliyoingia dukani kabla yake. Alichukua karatasi ya ngazi mezani akaisoma akitabasamu upande mmoja. Kama vijana wa hapa, mimi aliniita tantine, shangazi, na mjomba wake tonton.

“Tantine, unamupa tonton maneno ya mawakili. Watu hawaongeaki hivi.”

“Wewe unawaambiaka nini?”

“Mi nasema tu: guys, sorry, apana.”

“Na wanaondoka?”

“Wanaelewa.”

Sikumpenda. Alipotoka nilijiuliza kwa nini, nikaona ni kwa sababu alikuwa na nusu ya haki. Nusu hiyo sikuiandika kwenye rejista.

Jumanne, 21 Oktoba

Neno la mwaka. Limetoka kwenye barua ya wakili, ukurasa wa pili, wino umefifia pembeni: «preposterous». Jambo la kipuuzi kiasi kwamba hata kulijibu ni hasara. Mzee alilisema mara moja, akafumba macho, akalisema tena. Alitoka nalo kwenye mvua bila kufungua mwavuli. Nilimsikia akilisema mpaka kona ya wauza viazi.

Jumatano, 29 Oktoba

Wageni wa kutoka mbali kwa desturi hutafutiwa msemaji wa hapa hapa, mtu anayejua mchezo, awajibie. Nimemuuliza Mzee amemtafuta nani. Alifikiria Méthode, mwenzake wa wizarani, akamwacha.

“Méthode atanijibu Kirundi. Halafu Kiingereza yangu nimweleze nani, kuku? Apana. Atanijibu baba mukubwa wa kijana yeye mwenyewe. Mutu mukubwa kwa mutu mukubwa.”

“Anajua namna tunafanyaka?”

“Mama Anouar. Kuna mutu duniani anatoa mutoto bila kukataa?”

Nilicheka. Nilimpa haki kabisa. Duniani kote, nilijisemea, hivyo ndivyo inavyokwenda.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mto umepanda. «Inundated»: kufunikwa na maji.

Jumatano, 5 Novemba

Leo sikumwelewa.

Mkataba wa kiwanja ulikwama kwenye mashine, nikaokota ukurasa wenye neno nisilolijua: muuzaji ata-«relinquish» haki zake zote. Nimelifukuzia siku mbili kwenye karatasi nyingine mpaka likasimama. Ni kuachia, lakini si kuachia kwa mtu aliyechoka. Ni kuachia kitu ambacho mkono bado unakitaka. Nilimletea Mzee kama ninavyomletea mengine, kwa kujivuna kidogo, maana Kiswahili changu kilinichukua sentensi nzima kufika pale neno hilo linapofika kwa hatua moja.

Alilitazama muda mrefu. Nikadhani haoni vizuri, nikamwongezea taa.

“Toa hii,” alisema. “Hii ni neno la mutu ameshindwa.”

“Ni neno la juu, Muzee.”

“Juu si mahali pake. Nipe ya kukataa.”

Nikampa nyingine, sikumbuki ipi. Alipoondoka nilitafuta ukurasa ule wa mkataba niuweke mahali pake. Haukuwepo mezani, haukuwepo chini. Mashine yangu humeza mengi, lakini haimezi karatasi iliyolala mbali nayo.

Jumatatu, 10 Novemba

Maneno ishirini na moja ya wiki iliyopita, amekumbuka sita. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa na koti lake lililolowa mabegani.

“Kichwa yangu imetoboka,” alisema. “Naweka asubuhi, saa sita iko kwenye miguu.”

“Yapunguze, Muzee. Chukua kumi tu, ukae nayo.”

“Ukipunguza, watampa Audace.” Akakamua mkono wa koti. “Unajua nilijifunza kumusuka nywele? Muke wangu alikuwa hospitali mwaka muzima, mutoto anaenda shule kichwa kama kiota. Nikaenda kwa mabibi wa Kartiye ya Tano. Directeur wa wizara, nimekaa chini, nashika chanuo. Walinicheka mpaka leo. Lakini nilisuka. Mbaya, lakini nilisuka.”

Nilikuwa nimemwandika kichwani mwangu kama mzee wa majivuno, na hesabu ilikuwa imefungwa. Nimeifungua tena. Tumechagua maneno kumi.

Jumamosi, 15 Novemba

Wazee wa familia wamewasikiliza wote wawili, Mzee na Audace, Ngagara, sebuleni. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikingoja mvua ikatike, hivyo ndivyo nilivyowaambia. Audace alikataa kwa Kiingereza kizuri, chepesi, kilichopita kama maji ya bomba. Halafu Mzee akasimama. «Bewildered» ilitoka polepole. «Preposterous» ilitoka na mkono. Alipofika «categorically» shangazi mmoja, ambaye Kiingereza chake ni “yes”, alishika kifua na kusema: “Uyu ndiye.”

Wamempa Mzee. Audace ataendesha wageni kwa gari.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Mvua. Mzee anataka neno la kuwaambia kwamba hata mbwa wa nyumba hii hawajui. Nimemwambia mbwa hana.

Jumanne, 2 Desemba

Amenipa kazi ya siku ile: nitakaa nyuma yake. Akisahau, nikohoe mara moja na kumtamkia neno. Akizidisha, nikohoe mara mbili. Nilimwuliza mimi si wa familia, si wa dini yao, nitakaa kama nani. “Kama kamusi,” alisema.

Ijumaa, 12 Desemba

Chanelle amefika tangu juzi, na leo amekuja kupiga kopi za hati zake. Ni mrefu, anacheka kwa mabega kama Mzee. Aliketi pale pale anapoketi yeye.

“Tantine, niambie kweli. Tonton atasema nini?”

“Siri ya kazi.”

“Basi usimupe mengi. Baba mukubwa wa Damian, tonton Neville, si mutu wa maneno. Ameendesha basi Toronto miaka thelathini na moja. Kile mutu anasema, yeye anaamini ni hicho. Na tonton amenikataza kuwafundisha, anasema kila mutu duniani anajua.”

“Mutu muzuri basi.”

“Muzuri sana. Ndiyo maana nakwambia.”

Nimeyaandika kwa kuwa yalinipendeza. Mtu anayeamini kinachosemwa: hapa Jabe angefilisika kwa siku mbili.

Ijumaa, 19 Desemba

Wageni wameingia. Damian, baba mkubwa Neville na mke wake, Miss Pearl. Baba wa kijana mgonjwa, hawezi safari. Mzee hajaja dukani. Nimepiga pasi kitambaa changu cha kijani.

Jumapili, 21 Desemba

Jana sikuandika. Leo naandika yote kwa mpangilio, kabla watu hawajaanza kuyasimulia kwa namna yao.

Hema lilifungwa uani kwa Mzee, watu kama themanini. Upande wetu mistari sita ya viti. Upande wa wageni mstari mmoja: Damian katikati, kimya kama inavyotakiwa; Neville kulia kwake, mtu mwembamba wa miaka sabini, kofia magotini; Miss Pearl na mkoba wake; na majirani wachache waliokopeshwa kujaza viti. Chanelle alikuwa ndani na mabinti wengine, na desturi haimruhusu kutoka mpaka aitwe. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Ngagara tangu asubuhi bila kuamua.

Neville alisimama akasema kwa Kiingereza kifupi kwamba wametoka mbali, kwamba kijana wao anampenda Chanelle, na wamekuja kumwomba. Akaketi. Ilichukua muda wa kunywa mafunda mawili ya Fanta.

Mzee alisimama. Alivuta koti. Alisema kwamba yuko «bewildered», kwamba wageni bila shaka wamekosea nyumba. Upande wetu wakacheka kwa furaha. Neville akatabasamu nusu, akatoa simu, akaonyesha anwani aliyotumiwa. Watu walipiga makofi. Walidhani ni mchezaji hodari, mgeni anayekuja na ushahidi. Nyuma yangu mtu alisema: “Huyu muzee wa Jamaika ni mukali.”

Hapo ndipo Mzee alipopanda ngazi. Sikukohoa hata mara moja, hakusahau neno lolote. Alisema hakuna binti wa jina hilo katika nyumba hii. Alisema ombi hilo ni «preposterous». Alinyoosha mkono kuelekea getini na kusema analitupa, «categorically». Kiingereza kilitoka safi, bila mkunjo. Nakiri: niliona fahari mpaka masikioni.

Na upande wetu, mistari sita, wakasimama kupiga makofi.

Nadhani makofi ndiyo yaliyowamaliza. Neville aliwatazama watu themanini wakishangilia kufukuzwa kwake. Akavaa kofia. Akamshika mke wake mkono. Damian alisema “Uncle, wait,” na mzee yule akatikisa kichwa mara moja tu, na Damian akamfuata, kwa sababu mtu hamwachi aliyemleta. Walipoanza kutembea watu wetu walizidisha makofi. Msemaji anayejifanya anaondoka ndiye bora kuliko wote, hajaonekana tangu miaka ya zamani. Walipiga makofi mpaka wageni wakapita hema. Halafu walipiga machache. Halafu hawakupiga.

Mvua ikaamua.

Miaka thelathini Mzee Astère amekataa, na hakuna aliyewahi kumwamini. Nilimwona akigeuka kunitafuta. Nami nilikumbuka kiti cha wateja, mabega ya Chanelle, “ndiyo maana nakwambia.” Alikuwa ameniambia. Mimi nililiandika kwa kuwa linapendeza.

Nilikimbia. Getini Audace alikuwa ametangulia. Nilidhani amekwenda kuwawashia gari. Alikuwa ameliweka gari lake kukingama geti lote, akafungua boneti, akainamia ndani kwenye mvua akishika waya huu na ule wa gari ambalo halikuwa na ugonjwa wowote.

“Limekufa, sir,” alikuwa akiwaambia. “Two minutes.” Akanigeukia, maji yakimwosha manukato yote: “Tantine, niko na dakika mbili. Sema kitu ya maana.”

Wageni walikuwa wamejibanza chini ya kibati cha geti. Miss Pearl alikuwa akilia bila sauti. Tuliongea Kiingereza, lakini nayaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza niliyatetemesha.

Nilimwambia Neville kwamba alichosikia si kukataliwa. Alisema yeye si kiziwi.

Nilimwambia ni desturi, kwamba binti anayetolewa kwa neno moja ametupwa, kwamba Mzee amekataa hivyo familia arobaini na moja na zote sasa zina wajukuu. Alinisikiliza, maana ni mtu wa adabu. Kisha akasema:

“Mama, nimeendesha basi miaka thelathini na moja katika nchi ambayo sikuzaliwa. Milango mingi imeniambia nimekosea nyumba. Walisema kwa maneno mazuri, wengine mazuri kuliko haya. Nimekuja Afrika mara ya kwanza katika maisha yangu. Hapa sikutegemea kuambiwa.”

Niliyaacha maneno elfu mbili ya rejista yangu. Nikasema lililokuwa kweli.

“Maneno hayo ni yangu. Nilimfundisha mimi, tangu Septemba. Alitaka ya juu, nikampa ya juu, kwa sababu nami nilitaka kuyasikia. Kama ni ya kulaumu, laumu kamusi.”

Alinitazama, na nadhani alikuwa anataka kunijibu, lakini macho yake yalipita juu ya bega langu.

Msemaji haondoki kitini mpaka shauri liishe. Akiondoka, ameuza upande wake. Mzee Astère alikuwa anakuja kwenye mvua, bila mwavuli, koti limemganda, viatu vyake vya wizara ndani ya tope. Nyuma yake hema zima lilikuwa limesimama kutazama. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Ukurasa wa kati, mkataba wa kiwanja.

Hakuisoma. Alikuwa ameishika tu, kama mtu anayeshika ukuta.

“Sir,” alisema. “I combed her hair.” Akaonyesha kwa mikono, akisuka hewa, vibaya. Halafu akasema yuko «reluctant», neno ambalo sikumpa mimi. Sijui amelitoa wapi. Ni mtu ambaye miguu yake inarudi nyuma wakati kichwa kimekubali. Na mwishowe, akikwama kwenye kila silabi, kwamba hajui namna ya ku-«relinquish».

Mvua ilikuwa inapiga kibati cha geti. Audace aliacha waya zake.

Miss Pearl alifuta macho.

“Neville,” alisema, “huyu hajasema hapana. Amesema inamuuma. Muombe tena.”

Neville alimtazama mke wake. Kisha akavua kofia, pale pale, maji yakimwagika kutoka kwenye kibati hadi kwenye kichwa chake, na akaomba tena. Kwa maneno yale yale mafupi: wametoka mbali, kijana anampenda, wamekuja kumwomba.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Na naapa nilimwona Mzee akijaza kifua. Miaka thelathini haifutiki kwa mvua moja: desturi inasema kukataa mara tatu, na alikuwa amekataa mbili tu. Mdomo ulikwisha kuanza kufunguka.

Nikakohoa. Mara mbili.

Alinitazama. Pumzi ikamtoka.

“Come in,” alisema. “You are wet.”

Chanelle alikuwa ameshatoka. Hakuitwa na mtu, alikuwa kibarazani na miguu mitupu, na hakuna shangazi aliyethubutu kumrudisha. Wageni walirudi hemani kati ya watu themanini waliokuwa wamenyamaza kama darasa lililokosea. Mzee akavuta kiti chake mwenyewe, cha msemaji, akakifuta kwa mkono wa koti na kumkaribisha Neville.

Neville alikitazama kile kiti. Uso mkavu, maji yakimtoka nyusini.

“Categorically, no,” alisema.

Halafu akaketi, taratibu, kama dereva anayejua kiti chake, na Miss Pearl akaanza kucheka, na hema likaangua kicheko.

Audace amelifunga boneti. Gari limekataa kuwaka kweli. Maji yameingia.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimelala.

Jumatano, 24 Desemba

Audace amekuja na manukato mapya. Anataka ngazi. Si ya kukataa, alisema, iko msichana wa mtaa wa Mutakura. Nimeanza kumchorea.

Jumamosi, 27 Desemba

Chanelle na wageni wameruka asubuhi. Mzee amekuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, koti kavu, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuomba neno lolote. Jua limetoka kidogo. Tulitazama barabara. Muuza mikate alipita, Mzee akamsalimu kwa Kirundi, na muuza mikate akaonekana kuhuzunika.

Nilifungua rejista mbele yake. Kwenye «preposterous», safu ya mdomo, niliandika: Mzee Astère, hemani, nusu ya kosa ni yangu. Kwenye «categorically»: Mzee Astère, halafu bwana Neville, bora zaidi. Kwenye «reluctant» nilimuuliza alilitoa wapi. Alisema alikuwa nalo tangu zamani, hakujua lina jina. Kwenye «relinquish» niliandika: Mzee Astère, getini, mvua.

“Sasa nirudishie ukurasa wangu, Muzee. Ule wa mkataba. Kopi iliyojikunja ni ya nani?”

Aliingiza mkono mfukoni. Niliona pembe ya karatasi, imekauka na kupinda. Aliishika hapo hapo ndani, akatazama barabara tena.

“I decline,” alisema.

Ngazi ya pili kutoka chini. Tangu Septemba hajawahi kusimama hapo. Nimeandika.